Matangazo ya Chumba cha Chai

Mkaguzi wa ubora alikutwa Jumatano asubuhi, saa moja na dakika kumi, amelala kifudifudi kwenye stoo ya kiwanda cha rangi. Makopo ishirini na moja yalikuwa juu ya mgongo wake, na rafu ya chuma juu ya makopo. Aliyemkuta ni mtunza stoo. Alisukuma mlango, ambao haukuwa umefungwa kwa ufunguo, akawasha taa, akapiga yowe lililosikika hadi getini, kisha akafanya jambo la busara kuliko wote waliokuja baada yake: hakugusa kitu.

Kufikia saa mbili kiwanda kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba ni ajali. Rafu ilikuwa kuukuu. Kila mtu alikumbuka kwamba alishawahi kusema ibadilishwe, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga stoo.

Inspekta Taratibu alifika saa mbili na nusu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Hili la Taratibu alipewa chuoni, kwa sababu hakukimbia hata siku ya mtihani wa mbio, na bado walimpa cheti. Alikuwa mtu mnene, mwenye miguu ya kuvimba na viatu vipana, na hakuwa na haraka na maiti, kwani maiti haiendi popote. Nyuma yake alikuja sajini wake, mwanamke mrefu mwenye ulimi mwepesi, amebeba mkoba wa vielelezo.

Inspekta alisimama mlangoni dakika nzima akitazama. Stoo ilikuwa nyembamba, rafu mbili zikitazamana. Ya kushoto ndiyo iliyoanguka. Ya kulia ilisimama imejaa makopo, yamepangwa kama askari wa gwaride. Sakafuni, karibu na mkono wa marehemu, kulikuwa na kopo moja lililofunguliwa na kichupa cha rangi kali nyekundu.

"Mkaguzi kazi yake nini?" akauliza.

"Kukagua, afande," sajini akajibu.

"Kukagua kunahitaji kichupa?"

Sajini akakiweka kichupa kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika namba.

Mtunza stoo aliitwa. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, macho makavu. Alijua fika jinsi mambo yalivyokaa. Ufunguo ni wake. Stoo ni yake. Kama si ajali, wa kwanza kufungwa pingu ni yeye.

"Ufunguo anakaa nao nani?"

"Mimi."

"Jana jioni?"

"Nilimwachia marehemu, saa kumi na moja kamili."

"Kanuni inaruhusu?"

"Hairuhusu."

"Kwa nini basi?"

"Ni mkubwa wangu. Na aliomba vizuri."

"Nasikia Jumatatu mligombana."

"Hatukugombana. Nilimwambia ukweli kwa sauti. Ilikuwa mara ya tatu kuniomba abaki humu peke yake baada ya kazi. Nikamwambia, siku kitu kikipotea atakayeulizwa ni mimi."

"Alikuwa anafanya nini humu?"

"Alisema, 'Namalizia kazi ya mtu.' Nikadhani ananitania."

Inspekta akamgeuza taratibu kwa bega, akamwelekeza kwenye lile lundo. "Usimtazame yeye. Tazama makopo yako. Kuna nini kisichokaa sawa?"

Dada yule akajikaza. Makopo yote yalifanana, ya bati, hayana lebo, kwa maana lebo hubandikwa asubuhi ya kusafirisha. Alama pekee ilikuwa doa kwenye kifuniko. Doa la kijani, rangi ya maji. Doa jekundu, rangi ya mafuta, ambayo ikishika moto hakuna wa kuizima. Ya maji hukaa rafu ya kushoto, ya mafuta rafu ya kulia, na hazichanganywi hata kwa dakika moja.

"Mekundu matatu," akasema, sauti imepanda. "Kwenye lundo kuna mekundu matatu!" Kisha akageukia rafu ya kulia. "Na kule yamo matatu ya kijani. Mungu wangu. Nani kafanya hivi?"

"Si wewe?"

"Mimi nichanganye nyekundu na kijani? Nikiwa usingizini nisingechanganya! Humu ndani hata mfagizi hachanganyi."

Inspekta alimwamini, na alifurahi kumwamini mtu mapema asubuhi. Palikuwa na kushikana mahali pale. Makopo yalianguka pande zote mbili. Kisha mtu akaivuta rafu ya kushoto imlalie marehemu, akaanza kuokota na kupanga, ya mafuta yarudi kulia, ya maji yabaki kwenye lundo, ili ionekane ni rafu moja tu iliyoanguka. Alipanga kwa uangalifu kabisa, na akakosea matatu kwa matatu.

Saa sita daktari wa uchunguzi wa maiti akapiga simu.

"Kopo likikuangukia linaacha alama ya duara," akasema. "Hili lake ni pigo moja, refu na jembamba, nyuma ya sikio. Makopo yalimwangukia akiwa ameshakufa. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni."

"Ahsante, daktari. Umeniharibia ajali yangu."

Daftari la mlinzi wa geti lilikuwa limeandikwa vizuri. Baada ya saa kumi na moja walibaki watu wanne ndani: marehemu, mama mwenye kiwanda, mtunza stoo, na fundi mkuu wa kuchanganya rangi, ambaye watu wote walimwita Jicho.

Jicho alikuwa na miaka hamsini na nne, thelathini kati yake ameitumia kiwandani hapo. Ilisemekana ukimletea uzi mmoja wa pazia lenu atakuchanganyia rangi ya ukuta inayofanana nao mpaka pazia lipotee. Kwenye ukuta wa ofisi kulikuwa na picha yake akipokea ngao. Alikuwa pia shemeji wa marehemu, kwani mke wa mkaguzi ni dada yake wa tumbo moja. Asubuhi ile alikaa kwenye benchi la nje, kichwa mikononi, na hakuna aliyethubutu kumsumbua.

Inspekta alipita kwenye chumba chake cha kazi. Miiko ya chuma ya kukorogea rangi ilining'inia misumarini, mirefu kama mkono wa mtu. Sita ilikuwa inang'aa. Wa saba ulikuwa umepakaa rangi ya kijani, na juu ya kijani hicho, kwenye ncha, kulikuwa na kitu cha wekundu uliokolea kilichokauka.

Sajini alikiona akiwa bado mlangoni. "Afande! Damu ile. Kauacha mwiko hadharani namna hii? Huyu ni mjinga au jeuri?"

"Mimi nauliza la tatu," Inspekta akasema. "Upeleke maabara. Na usimwambie mtu."

Katikati ya kiwanda kulikuwa na chumba cha chai. Meza ndefu, birika, vikombe vyenye majina ya utani, na kompyuta moja ya zamani. Mama mwenye kiwanda, mwanamke mwenye miwani ya kamba na sauti ya kuamuru, alieleza kwamba aliinunua kwa ajili ya wafanyakazi wote. Akaunti ni moja. Nenosiri limebandikwa kwenye kioo.

"Na kila anayemaliza lazima afute historia yake," akaongeza. "Hiyo ni sheria yangu. Hapa hakuna anayemchungulia mwenzake."

Sajini akaifungua kompyuta, akahangaika nayo, akakunja uso. "Imefutwa yote, afande. Safi kama sahani."

"Fungua ukurasa wowote. Wa habari za michezo."

"Tunatafuta nini kwenye michezo?"

"Hatutafuti. Tukae tu, tuone wao wanatuletea nini."

Inspekta alikuwa na sababu. Miezi miwili nyuma aliuliza simu yake, mara moja tu, kuhusu viatu vya miguu iliyovimba. Alifuta swali lile palepale kwa aibu. Tangu siku hiyo viatu vilimfuata kama deni: kwenye taarifa ya hali ya hewa, kwenye mapishi, hata kwenye matangazo ya vifo. Mkewe aliviona siku ya tatu. Siku ya nne alimwekea maji ya chumvi kwenye beseni, bila kusema neno. Basi Inspekta alikuwa ameshajifunza kwamba kufuta historia ni kufagia sebuleni tu. Wenye matangazo wameshaondoka na nakala, na nakala hiyo ni ya akaunti, haijali ni nani kati yenu aliyeketi kwenye kiti.

Ukurasa ukafunguka. Juu ya matokeo ya mpira kulikuwa na kitanda cha mtoto mchanga, cha mbao nyeupe. Pembeni, masomo ya dansi kwa walio juu ya miaka hamsini. Chini, kliniki ya macho. Sajini akashuka chini zaidi. Kliniki nyingine ya macho. Kitanda tena. Kisha tangazo kubwa, lenye picha ya ua lililopauka: *Je, rangi zinafifia machoni pako? Nyekundu na kijani zinakuchanganya? Usingoje.*

Sajini akaacha kushusha ukurasa. "Nyekundu na kijani," akasema polepole.

"Taja watu watatu, taja matangazo matatu," Inspekta akasema. "Kila tangazo lina mwenyewe. Lakini hili si la kupeleka mahakamani. Hakimu atatucheka. Hili linatuambia tu tubishe hodi mlango gani."

Alianza na mama mwenye kiwanda. Alimkuta ofisini amekaa wima.

"Jana baada ya saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, mpaka saa kumi na mbili."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa. Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

Mama akavua miwani, akaivaa tena. "Ni lazima?"

"Si lazima. Ila kama hatua zako zilisikika chini, itakusaidia."

Mama akashtuka. "Ile kompyuta imesema?"

"Kompyuta haikumtaja mtu."

"Nafanya mazoezi," akasema kwa heshima zote. "Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mhasibu wa chini anaweza kukwambia, aliniuliza juzi kama kuna panya wakubwa."

Mtunza stoo hakungoja kuulizwa. Alimfuata Inspekta koridoni, uso umempauka.

"Afande, mmefungua kompyuta. Jana nilikaa pale mpaka saa kumi na mbili kasoro robo nikingoja mvua iishe. Mlichokiona ni changu. Nina miezi mitatu. Mama hajui. Akijua ataniondoa stoo kwa sababu ya harufu za rangi, na kazi nyingine hapa hakuna."

"Hukulazimika kuniambia, dada."

"Sasa utaandika?"

"Niandike nini? Nimeona matokeo ya mpira." Akatembea hatua mbili, akarudi. "Ila harufu zile kweli si nzuri. Mwambie mwenyewe, kabla kitanda hakijamwambia."

Jioni walimtembelea mjane. Alikuwa amezungukwa na wanawake wa mtaa, akawaomba wampishe. Alimpa Inspekta simu ya mumewe, akaomba irudishwe kwa sababu ina picha.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Yule? Hata na mbu hakugombana."

"Alibadilika siku hizi?"

"Alichelewa kurudi. Na simu yake ilijaa matangazo ya macho, macho, macho. Nikamwuliza, mume wangu, unaumwa macho? Akasema, 'Si mimi.' Nikamwuliza nani, akasema, 'Siri ya mtu naitunza kama yangu.'" Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kaka yangu ndiye aliyekuja kunipa habari. Alilia kuliko mimi."

Inspekta aliposhuka ngazi za nyumba ile, hakuwa na furaha ya mtu aliyekamata uzi. Alikuwa na hakika, na hakika ile ilimkata maini.

Alhamisi, saa tano asubuhi, Jicho aliketi kwenye chumba cha mahojiano cha kituo. Alikuwa nadhifu, ndevu zimenyolewa. Mezani palikuwa na vifuniko sita vya makopo, vimesafishwa, na mwiko ndani ya mfuko wa plastiki angavu.

Inspekta alimsomea haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Jicho akatikisa kichwa. Hakuhitaji.

"Mzee, nimekuita kama mtaalamu," Inspekta akasema. "Sajini wangu amenichanganyia vielelezo. Nitengee hivi vifuniko. Nyekundu huku, kijani huku."

Jicho akatabasamu. "Kazi ya mtoto hiyo."

"Ndiyo. Nifanyie."

Akachukua kifuniko cha kwanza. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akakisogeza puani, haraka, kama anayejikuna.

"Unanusa nini?"

"Mazoea tu."

"Vimeoshwa kwa sabuni. Havina harufu."

Mikono ya mzee ikasimama. Kisha akavipanga, viwili huku, vinne kule, kwa kujiamini kwa mtu aliyepokea ngao. Sajini, aliyekuwa akiandika, aliinua macho kutazama meza, akayashusha upesi. Vitatu vilikuwa mahali pasipo pake.

"Ahsante," Inspekta akasema. "Na huu ni mwiko wako?"

"Wangu."

"Una nini?"

"Rangi ya kijani. Ya Jumanne."

"Na hapa kwenye ncha?"

"Kijani."

"Kijani tu?"

"Afande, nimechanganya rangi miaka thelathini. Nikikwambia ni kijani, ni kijani."

"Mzee," Inspekta akasema kwa upole, "sajini wangu aliiona damu ile akiwa mlangoni. Maabara wamethibitisha ni ya shemeji yako. Mtu yeyote mwenye macho mazima angeuosha mwiko huo kabla ya kuutundika. Wewe uliuangalia, ukauona msafi."

Jicho aliinamia ule mfuko, akaukaribia mpaka pua ikagusa plastiki. Alitafuta. Ilionekana wazi kwamba anatafuta kwa nguvu zake zote, na kwamba haoni.

"Iko wapi?" akauliza.

Sajini akamwonyesha kwa kalamu. Hapo ndipo alipokubali.

"Yalianza mwaka jana," akasema. "Nyekundu zilianza kuchujuka. Nikadhani ni taa. Nikabadilisha taa. Nikaanza kuchanganya kwa namba, kwa vipimo, kwa kunusa. Nikauliza ile kompyuta mara moja. Mara moja, afande! Nikafuta. Kesho yake naenda kunywa chai, tangazo la macho linanitazama. Wiki inayofuata yako mawili. Halafu manne. Yakawa yanazidi kila siku, na mimi sijauliza tena. Nikajua kuna mtu ameshagundua. Kuna mtu ananichimba."

"Ukamshuku nani?"

"Yeye. Alianza kunikwepa. Alianza kubaki stoo. Jumanne nikamfuata, mwiko mkononi, nilikuwa nausafisha. Namkuta amefungua kopo langu, ana kichupa na kitambaa. Nikasema, unakusanya ushahidi unipeleke kwa mama. Akasema, 'Shemeji, tulia, nikueleze.' Nikamwambia, huna la kunieleza. Akanishika mkono. Tukasukumana, makopo yakaanguka. Akanipa kisogo ayaokote." Akafumba macho. "Wananiita Jicho. Nikipoteza hilo, mimi ni nani? Ni mzee wa kufagia geti."

Inspekta aliivuta simu ya marehemu kutoka kwenye mkoba wa vielelezo, akaiweka mezani, akaisoma mwenyewe, kwa sababu aliyekuwa mbele yake hakuwa wa kuombwa asome kitu.

"Uliuliza mara moja, ni kweli. Aliyeendelea kuuliza ni yeye. Kila wakati wa chai alikaa kwenye ile kompyuta akitafuta daktari, kisha akaendelea kwenye simu yake. Ndiyo maana yalizidi. Na ile rangi nyekundu ya kichupa, ameandika humu, alikuwa anaitia kwenye makopo yako kila jioni, kabla usiku haujaingia. Ulikuwa unakosea, mzee, miezi mitano sasa. Mteja hata mmoja hajarudisha kopo. Alikuwa anakusahihishia."

Jicho akafumbua macho.

"Kuna ujumbe hapa wa kliniki," Inspekta akaendelea. "Wamemthibitishia nafasi. Jina la mgonjwa ni lako. Pale penye uhusiano ameandika 'kaka yangu', hakuandika shemeji. Nilimpigia daktari huyo asubuhi. Anasema macho ya namna hiyo, yakiwahiwa, mengi yanatibika."

"Nafasi ya lini?"

"Alhamisi, saa tatu asubuhi."

Mzee akahesabu kwa vidole, kama mtu aliyepotewa na siku. "Alhamisi ni lini?"

"Leo," Inspekta akasema. "Imepita kwa saa mbili sasa."

Jicho akalaza paji la uso mezani, katikati ya vile vifuniko, akalia kwa sauti, bila kujificha. Sajini akamsogezea karatasi ya maelezo na kuishika ili asiilowanishe. Baadaye alisaini mahali alipoonyeshwa kwa kidole.

Walipomtoa, sajini alibaki anakusanya vielelezo. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Mtu mwema namna ile, afande. Angemwambia tu tangu mwanzo!"

"Aliogopa kumwaibisha. Mwenzake aliogopa kuaibika. Na ile kompyuta haikumwogopa yeyote." Inspekta akainuka, miguu ikimuuma. "Andika kwenye jalada la mtuhumiwa: apelekwe kwa daktari wa macho wiki hii, chini ya ulinzi."

Kalamu ya sajini ikasita. "Baada ya alichokifanya? Sababu niandike nini?"

"Andika kwamba marehemu alishamwekea nafasi."